Faida imejificha wapi?

Swali: Nauza mafuta ya alizeti hapa Kilimatinde. Niliishia darasa la saba. Nijifunze nini ili biashara ikue?

Jibu: Anza na daftari. Tuseme umenunua lita 20 kwa shilingi 80,000, ukauza lita kwa 5,000. Unadhani faida ni 1,000 kwa lita. Ongeza nauli ya Manyoni 6,000 na chupa 4,000: faida imebaki 500 kwa lita! Andika kila jioni, hata kama umechoka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha tenga nusu saa ujifunze jambo moja tu kwa wiki: kupanga bei, au kukataa kukopesha wateja kwa adabu. Mafunzo ya ujasiriamali yaulizie SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo), ofisi ya Singida.