Mtoto Ambaye Ndugu Yako Amekuachia

Mama, ndugu yako amekufa kwa kuzaa, na mtoto wake iko mikononi mwako. Biberon hapana: ni nguvu kuisafisha, inaleta kuhara. Tumia kikombe kidogo.

Hata kama uliachisha mtoto wako zamani, maziwa yanaweza kurudi. Kwanza waangalie damu yako kama haina ukimwi. Kisha umuweke mtoto kwenye ziwa mara 8 mpaka 12, mchana na usiku. Inaomba majuma, usichoke. Kwa wakati huo umpe maziwa ya watoto ambayo muganga atakuonyesha. Uji, usimpe mbele ya miezi 6.

Mama mkwe atasema maziwa yako yatamuua. Si kweli.

Mlete kwenye kilo kila juma. Karte ya mama yake usiitupe: muganga ataiuliza, na siku moja mtoto vilevile.