Mlango Unapogoma Kufunguka



Leo tunasoma Ufunuo 3:20, pale Yesu anaposimama mlangoni na kubisha. Ila tuanze na mlango wenyewe wa mbao, maana hapa Tabora mvua za Novemba zikianza tu, milango mingi mtaani inagoma.

Mlango wetu wa mbele ni wa mninga. Kila masika unavimba, na sisi tumezoea: unazungusha ufunguo, unasukuma kwa bega. Mwaka ule kaka yangu alikuwa ameacha seminari, na baba alikuwa hamsemeshi. Usiku mmoja wa mvua kaka akarudi bila taarifa. Akazungusha ufunguo, mlango ukagoma. Akabisha, lakini mvua ilikuwa inapiga bati, hatukusikia kitu. Akadhani tumemwekea komeo kwa ndani. Akaenda kulala stendi, asubuhi akapanda basi. Tulijua baada ya siku mbili, alipompigia mama simu.

Baba alikaa kimya kutwa nzima, kisha akatoa randa. Jirani yetu, seremala mzee, akamzuia: “Shemeji, usirande mbao iliyokunywa maji. Kiangazi itasinyaa, utabaki na mwanya wa kupitisha nyoka.” Kwanza tafuta panapokwaruza. Paka chaki kwenye fremu, funga mlango, fungua. Palipochafuka kwenye mlango ndipo panapogusa. Kwetu ilikuwa kona ya juu, upande wa kitasa. Lakini mzee hakuigusa kona ile. Alienda upande wa pili, kwenye bawaba ya juu. Skrubu zilikuwa zimelegea, mlango umeinama. Akazitoa, akajaza matundu kwa vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi, akazikaza upya. Ukingo akausugua kwa kipande cha mshumaa ili uteleze. Kuranda kulisubiri hadi Juni, mbao ilipokauka, tena kidogo kidogo, na hapohapo tukapaka vanishi kingo zote, hata ule wa chini usioonekana. Mafundi wengi huuacha, na maji huingilia hapo.

Hilo la bawaba limenikaa. Panapokwaruza sipo penye kosa. Baba alikuwa anagomba kuhusu seminari, lakini kilicholegea kilikuwa kingine: alishawatangazia jumuiya nzima kwamba atakuwa na mwana padre, sasa anaona aibu. Mama ndiye aliyemwambia, sisi watoto tusingethubutu.

Sasa turudi kwenye Ufunuo. Barua ile haikuandikwa kwa wapagani. Iliandikwa kwa Kanisa la Laodikia, watu waliobatizwa, wanaosali, waliojiona hawapungukiwi kitu. Yesu anabisha kwa watu wake mwenyewe! Mara nyingi tunahubiriwa kwamba kitasa kipo ndani tu, kwamba mtu amemfungia Bwana makusudi. Wengine ndivyo. Ila mlango wetu usiku ule haukuwa na komeo. Ulikuwa umevimba tu, na wa ndani tulishazoea kusukuma kwa bega mpaka tukasahau kwamba mtu wa nje hajui. Kijana anayesali kila Jumapili lakini ana miezi sita hajaongea na ndugu yake yupo hivyohivyo. Hajamkataa Yesu. Amevimba.

Ndiyo maana kabla ya kwenda kitubio nakushauri usikimbilie kuorodhesha panapokwaruza: hasira, matusi, simu usizopokea. Paka chaki kwanza. Muulize Roho Mtakatifu ni bawaba ipi imelegea. Na Marko 6:3 inatukumbusha kwamba watu wa Nazareti walimwita Yesu seremala. Hata kazi hii ameizoea.

Jioni ile, baada ya mshumaa, baba alijaribu mlango mara tatu. Ukafunguka kwa kidole. Akaniomba simu yangu, akampigia kaka. Hakusema mengi: “Mlango umetengenezwa. Siku ile haukuwa na komeo, mwanangu. Njoo.”