Mgombea mwenza Muislamu: Somo la kura za Michigan

Ndugu msomaji, neno "mgombea mwenza" si geni kwetu. Machi 2021 tulimshuhudia Mama Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa mgombea mwenza katika chaguzi za 2015 na 2020, akiapishwa kuwa Rais baada ya kifo cha Rais John Magufuli. Kwa hiyo hakuna wa kutuambia kuwa nafasi hiyo ni pambo tu. Lakini lipo swali jingine ambalo naona linastahili kujadiliwa. Je, mgombea mwenza wa chama kidogo, ambacho kila mtu anajua hakitaingia Ikulu, anaweza kugeuza kura za watu? Na akiwa Muislamu, je, hilo peke yake latosha kumpa kura zetu?

Uchaguzi wa Marekani wa 2024 unatupa mfano wa kujifunzia. Agosti 16 mwaka ule, Jill Stein wa Chama cha Kijani, mwanamama aliyelelewa katika familia ya Kiyahudi, alimtangaza Rudolph "Butch" Ware kuwa mgombea mwenza wake. Ware ni Mmarekani mweusi aliyesilimu akiwa kijana, mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Santa Barbara, na mwandishi wa kitabu cha 2014 kuhusu vyuo vya Qur'an vya Afrika Magharibi. Lengo halikufichika. Waislamu wengi walikuwa na hasira na chama cha Democratic kwa sababu ya vita vya Gaza, na macho ya wote yalikuwa Michigan, jimbo lenye kura 15 za wajumbe na jamii kubwa ya Waarabu na Waislamu.

Sasa tuangalie hesabu. Katika mji wa Dearborn, ambao wakazi wake wengi wana asili ya Kiarabu, Donald Trump alipata karibu asilimia 42, Kamala Harris 36 na Stein 18. Asilimia 18 kwa chama cha tatu nchini Marekani si jambo dogo. Lakini ukitazama jimbo zima, Stein hakufikisha hata asilimia moja. Alipata kura kama 44,000, pungufu ya zile 51,000 alizopata katika jimbo hilo hilo mwaka 2016, akiwa na mgombea mwenza mwingine asiyekuwa Muislamu. Kwa hiyo Ware hakumwongezea Stein jimbo. Pale ambapo Stein aling'ara ni pale ambapo kidonda kilikuwepo tayari.

Nasema kidonda kilikuwepo tayari kwa ushahidi. Februari 2024, miezi sita kabla Ware hajatangazwa, wapiga kura zaidi ya 100,000 wa Michigan walikwenda kwenye mchujo wa chama cha Democratic wakaweka alama mahali pa "sijafungamana na mgombea yeyote", ili kumfikishia Rais Joe Biden ujumbe kuhusu Gaza. Dearborn kura hizo zilimshinda Biden mwenyewe. Hasira ilitangulia, mgombea mwenza akafuata. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango, na kumhakikishia mwenye mashaka kuwa chama hiki hakitamgeuka. Hiyo ni kazi kubwa, lakini si sawa na kuumba kura mahali ambapo hazipo.

Tena mgombea mwenza anaweza hata kuharibu. Mwaka 1992 Ross Perot, mgombea binafsi, alipata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima. Mwenzake, James Stockdale, alikuwa shujaa aliyekaa mateka Vietnam zaidi ya miaka saba. Lakini katika mdahalo wa wagombea wenza alionekana hakujiandaa, na watu wakamkumbuka kwa hilo kuliko ushujaa wake.

Baada ya uchaguzi wa 2024 zilisikika lawama kwamba waliompa Stein kura ndio waliompa Trump ushindi. Hesabu inakataa. Trump alishinda Michigan kwa tofauti ya kura kama 80,000. Hata kura zote za Stein zingehamia kwa Harris, bado asingeshinda jimbo hilo. Si kama Florida mwaka 2000, ambapo Ralph Nader wa chama hicho hicho alipata kura zaidi ya 97,000 na George Bush akashinda kwa kura 537 tu.

Hata hivyo, kutokuwa na hatia si sawa na kuwa na nguvu. Februari Waislamu na wenzao walisema neno moja, likahesabika. Novemba walitawanyika njia tatu, na hakuna aliyeona ana deni kwao. Juni 2025 Rais Trump alitangaza marufuku ya kuingia Marekani kwa raia wa nchi 12, Yemen ikiwemo. Wayemeni hao hao wana jamii kubwa Dearborn na Hamtramck jirani.

Hapa ndipo somo linapotugusa sisi. Katiba yetu inataka Rais na Makamu watoke pande mbili tofauti za Muungano. Mgombea urais akitoka Bara, mwenza wake hutoka Zanzibar, na mara nyingi huwa Muislamu, chama kiwe kikubwa au kidogo. Kwa maana hiyo, jina la Kiislamu kwenye karatasi ya kura kwetu ni utaratibu wa kikatiba, si ahadi. Mimi simlaumu anayekipigia chama kidogo kwa dhamira yake. Kura ni amana na kila mmoja ataulizwa yake. Ninachosihi ni tusiitoe kwa jina tu. Tumuulize huyo mgombea mwenza: chama chako kimeandika nini katika ilani kuhusu madai yetu? Wewe una sauti gani ndani yake? Na siku ya pili baada ya uchaguzi, mkishindwa, tutakukuta wapi?

Akiwa na majibu, huyo ni mwenza kweli. Akikosa, basi ametumwa kutuita tu.

Wabillahi tawfiq.