Kosa ni la kaka yangu au ni la jamii?

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, nasoma sosholojia. Tunaishi Dandora: mama, mimi na kaka yangu aliyenitangulia. Alimaliza kidato cha nne, akafanya kazi ya mjengo, akasaidia karo yangu ya sekondari, kisha kazi ikaisha. Mwaka jana polisi walifanya msako, wakambeba pamoja na vijana wengine, wakamwachilia bila shtaka. Tangu siku hiyo majirani wanamwita mwizi. Mama humwambia kwamba watoto wa wenzake wametoka ploti hii hii na sasa wanajitegemea. Siku hizi anashinda besi, kijiweni, na watu ninaowaogopa, na nikimsihi hunijibu kwamba jina wameshampa, basi. Darasani tulifundishwa kwamba kuwepo kwa matabaka kuna kazi yake katika jamii. Wenzangu waliafiki. Mimi nilinyamaza, kwa sababu niliwaambia natoka Buruburu. Naomba unijibu: kosa ni la kaka yangu au ni la jamii?*

Mwanangu,

Katika barua yako kuna maneno uliyoyapitisha upesi, yamebanwa katikati ya mambo mengine: kaka yako alibeba mawe na saruji, na sehemu ya pesa hizo ikawa karo yako. Hapo ndipo nitakapoanzia. Mama anamlinganisha na watoto wa majirani. Wewe nawe, ingawa hujasema, unamlinganisha na nafsi yako: mmelelewa chumba kimoja, mmekula sufuria moja, mmoja yuko chuoni na mwingine yuko besi. Lakini wewe ulikuwa na kaka wa kukulipia. Yeye hakuwa na kaka.

Kabla muhula haujaisha utakutana na Mmarekani aitwaye C. Wright Mills na kitabu chake cha mwaka 1959. Alitaka tutenganishe shida ya mtu na suala la umma. Katika mji wa watu laki moja, asema, mtu mmoja tu akikosa kazi, mchunguze yeye: bidii yake, ujuzi wake, tabia yake. Lakini taifa lenye wafanyakazi milioni 50 likiwa na milioni 15 wasio na kazi, jibu hutalipata kwa kuchungulia tabia ya mmoja mmoja. Nenda ukasimame kando ya barabara asubuhi na mapema, uwatazame vijana wanaokwenda kwa miguu hadi Industrial Area kungoja langoni waitwe kibarua. Mvivu haamki saa kumi usiku. Wakirudi mchana mikono mitupu, kuna jambo lililo kubwa kuliko wao.

Jambo hilo lina historia, na ningependa uijue kwa tarehe zake, maana mtu asiyeijua humalizia kwa kudhani kwamba Eastlands, mitaa hii yetu ya mashariki mwa Nairobi, ilijiotea yenyewe. Mwaka 1913 daktari Mwingereza, W. J. Simpson, alipendekeza Nairobi igawanywe kwa rangi za watu, akitaja afya kuwa sababu. Wazungu wakawa na vilima vya magharibi na udongo wake mwekundu. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaonasa maji. Pumwani ilipangwa mapema katika miaka ya 1920 kuwa mtaa wa wenyeji, na mitaa mingi ya mabweni iliyofuata ilihesabiwa kwa vitanda vya wanaume wafanyakazi, kana kwamba hawana wake wala watoto.

Uhuru ulipokuja, mstari huo wa rangi uligeuka kuwa mstari wa pesa. Tazama miaka ya 1970 peke yake. Buruburu ilijengwa kwa watu wenye mishahara inayoweza kubeba mkopo wa nyumba. Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1975, ilikatwa ploti zipatazo 6,000 kwa watu wa kipato cha chini: unapewa choo, bomba na msingi, nyumba unajijengea. Kwa wengi ilikuwa neema ya kweli, na wazee wa huko bado wanaisimulia kwa fahari. Lakini muongo huo huo taka za jiji zima zilianza kumwagwa kwenye machimbo ya jirani. Jaa hilo lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na malori hayakuacha kuja. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri katika jiji hili hili, lilitoa matokeo ya kupimwa kwa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kinachodhuru. Madini hayo huharibu ubongo wa mtoto, uwezo wake wa kujifunza na wa kutulia. Niambie sasa, mtoto huyo akianguka mtihani, tuandike kosa kwenye jina la nani?

Turudi basi kwenye lile somo lililokunyamazisha. Nadhani mlisomeshwa wanasosholojia Davis na Moore, ambao mwaka 1945 waliandika kwamba kila jamii ina kazi nzito zinazohitaji vipaji adimu, na kwamba ujira mkubwa ndio unaowavuta wenye vipaji wazifanye. Ni hoja ya watu makini, usiibeze. Lakini mwaka 1953 Melvin Tumin aliwajibu, na jibu lake ungeweza kulitoa wewe bila kufungua kitabu: jamii itajuaje vipaji vyake ikiwa wengine hawapewi nafasi ya kuvionyesha? Nani amewahi kukipima kipaji cha kaka yako? Siku nyingine usinyamaze. Darasa hilo linakuhitaji kuliko unavyolihitaji, kwa sababu wenzako wanasoma habari za umaskini na wewe unazijua bei zake.

Na mwanasosholojia Robert Merton je? Makala yake ya 1938 inasema kwamba jamii humpa kila kijana ndoto ile ile, gari, nyumba, heshima, kisha inafungua njia halali kwa wachache tu. Wanaobaki nje hutafuta namna: wengine hukaza mwendo ule ule hata usipowafikisha popote, wengine hukata tamaa na kujifungia kwenye ulevi, wengine huzua njia za mkato. Ukimsoma utawaona watu wa mtaa wako. Na kuna jambo lake nataka ulijue kwa ajili ya ile habari ya Buruburu. Merton alizaliwa katika familia maskini ya wahamiaji Wayahudi, kusini mwa Philadelphia, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Meyer Schkolnick. Alilibadilisha akiwa kijana. Erving Goffman aliandika kitabu kizima kuhusu unyanyapaa, mwaka 1963, na humo anaonyesha jinsi watu wengi wanavyoficha walikotoka ili wapite mlangoni. Sikulaumu, mwanangu. Uongo huo ulifundishwa na kila aliyekunja uso uliposema Dandora. Ila una gharama: kila ukiurudia, unawaunga mkono wale wanaoamini kwamba kutoka mahali fulani ni ushahidi wa ubaya. Anza na rafiki mmoja unayemwamini. Mwambie unakokaa.

Sasa kaka yako. Aliposema kwamba jina wameshampa, alitamka bila kujua hoja ya Howard Becker, mtu wa Chicago aliyekuwa mpiga piano wa jazi kabla ya kuwa mwalimu. Becker, mwaka 1963, aligeuza swali. Badala ya kuuliza kwa nini mtu huyu amepotoka, aliuliza ni nani mwenye nguvu ya kumtangaza kuwa amepotoka, na baada ya tangazo hilo nini kinamtokea. Kinachotokea ni kile ulichokieleza. Jirani anaanua nguo akipita. Fundi wa mjengo hamwiti tena. Milango ya watu wema inafungwa mmoja baada ya mwingine, na mlango unaobaki wazi ni wa besi, kwa kuwa pale hakuna anayeshtuka kumwona. Baada ya muda jina linatengeneza mtu wa kulifaa.

Eastlands inalijua jambo hili tangu kabla ya Becker. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil, wakawazoa Waafrika kwa maelfu kwa maelfu. Waliochukuliwa walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yaliyotobolewa macho, na kichwa kikiitikia, mtu alipelekwa kizuizini. Katika kambi za kizuizini watu waligawanywa kwa rangi tatu: weupe, kijivu na weusi, kulingana na hatari waliyodhaniwa kuwa nayo. Sheria ya uzururaji, iliyofanya kukosa kazi na makao kuwa sababu ya kukamatwa, ilifutwa mwaka 1997, miaka 34 baada ya uhuru. Msako uliombeba kaka yako una babu zake. Na hapa Becker anahitaji kuongezewa neno na watu wetu: mitaani kwetu jina baya huweza kuua. Ripoti ya mwaka 2017 ya Kituo cha Haki ya Kijamii cha Mathare iliandika habari za vijana waliouawa na polisi kwa kuitwa wahalifu.

Nimesema mengi upande wa jamii, na nakuona ukikaribia kufurahi. Ngoja. Mama anayetoka soko la Gikomba saa mbili usiku na faida ya siku nzima kwenye pochi naye ni mtu wa Eastlands, naye amebeba historia ile ile. Kaka yako akimnyang'anya simu, hakuna nadharia itakayomrudishia. Merton anaeleza shinikizo, haelezi ni nani atakayevunjika, na wengi wanaoishi chini ya shinikizo hilo hawaibi. Wanadharia hawa pia waliandika zaidi habari za wavulana, wakawasahau wasichana wanaobeba mzigo ule ule na kurudi nyumbani kupika. Jamii imempunguzia kaka yako njia, na kati ya zilizobaki bado anachagua. Yote mawili ni kweli, na hutalazimika kuchagua moja.

Fanya hivi. Kwanza, akiwa amekaa na mama, sema kwa sauti kwamba karo yako aliilipa yeye. Usiliseme kama shukrani ya faragha. Mama amekuwa akihesabu watoto wa majirani na amesahau kumhesabu mwanawe kati ya waliofanikisha jambo. Halafu acha kumhubiria, kwa sababu anayehubiriwa kila jioni husikia lile lile jina kwa maneno ya upole. Mtafutie mahali ambapo ataitwa kwa kazi yake. Hapo Dandora kuna vikundi vya vijana kama Mustard Seed, waliosafisha ua uliokuwa umejaa taka, wakaupanda miti na kuulinda. Baadhi yao walikuwa wakitazamwa kama anavyotazamwa yeye. Umwombe aende kuona, na wewe uandamane naye mara ya kwanza. Mwendee pia mzee wa nyumba kumi, ukiwa na mama, mkamweleze wazi kwamba kijana alikamatwa na hakushtakiwa kwa lolote. Majirani husikia kukamatwa, kuachiliwa hawakusikii hadi mtu mzima awaambie.

Hao unaowaogopa, waogope kweli. Akikuomba umfichie kitu chao, kataa, hata akikasirika wiki nzima.

Na polisi wakimchukua tena, usibaki nyumbani ukilia. Nenda kituoni na mtu mzima, uliza amewekwa kwa kosa gani, omba nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, andika saa na jina la afisa anayekujibu. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au kabla ya mwisho wa siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo umeishia nje ya saa za korti au siku ya mapumziko. Akipigwa au akikosekana kituoni, wapelekee IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, malalamiko siku hiyo hiyo, na uwajulishe watu wa kituo cha haki kilicho karibu nawe usiku huo, kabla hakujapambazuka.