Lishe ya mzee baada ya upasuaji wa saratani ya umio

Mzee anaporudi nyumbani baada ya kufanyiwa upasuaji wa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, mara nyingi huandaliwa bakuli kubwa la uji mwepesi. Akiacha nusu, hudhaniwa amekataa chakula. Sivyo. Tumbo lake sasa lina nafasi ndogo, naye hushiba haraka. Uji mwepesi humjaza bila kumjenga.

Apewe chakula kidogo kidogo, takriban mara 6 kwa siku, kwa ulaini alioelekezwa hospitalini. Uji wa wimbi upikwe kwa maziwa na kuongezwa siagi ya njugu. Ili kidonda kipone, anahitaji protini: mayai, samaki aliyetolewa miiba, au ndengu zilizopondwa. Maji anywe kati ya milo. Ale akiwa ameketi wima, na asilale mara tu baada ya kula. Mwenye kisukari afuate ushauri wa mtaalamu wa lishe.

Apimwe uzani kila wiki. Akizidi kupungua, akitapika mara kwa mara, akishindwa kumeza au kidonda kikitoa usaha, apelekwe hospitalini mara moja, bila kungoja siku ya kliniki.