Vuta Takwimu, Usinakili kwa Mkono!

Hivi, klabu yenu ya afya hapo Tabata bado inanakili takwimu za tovuti kwa mkono? Angalieni! Malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5 nchini ilishuka toka asilimia 18.1 mwaka 2008 hadi 8.1 mwaka 2022. Ukidondosha 1 ya mwanzo tu, utasema haikupungua kabisa!

Fanya hivi:

1. Fungua Google Sheets.

2. Kwenye kisanduku A1 andika =IMPORTXML("anwani ya ukurasa","//tr"). Hiyo //tr ni kiteuzi. Kila mstari wa jedwali umefungwa kwa alama tr, kwa hiyo inakuja mistari ya jedwali tu, siyo matangazo.

3. Linganisha mistari mitatu na ukurasa wenyewe.

Je, taarifa za afya za mtu mmoja mmoja? Usizivute. Hiyo ni siri yake, au siyo?