Kabla Hujaizima Ruta

Intaneti ya nyumbani ikianza kusumbua, mkono wa kwanza huenda kwenye swichi. Zima, hesabu kumi, washa. Mara nyingi inarudi, watu wanaendelea na filamu yao, kisha baada ya nusu saa inakata tena. Ukipiga simu huduma kwa wateja, nao wanaanzia hapohapo: "Umejaribu kuzima na kuwasha?" Si ushauri mbaya, ila una hasara isiyosemwa: ukizima, umefuta ushahidi. Taa zilizokuwa zikionyesha hitilafu zinaanza upya, na kumbukumbu za ndani za ruta nyingi zinapotea. Intaneti iliyokufa kabisa haimsumbui fundi. Inayokata na kurudi ndiyo inayomzungusha, kwa sababu akifika anaikuta nzima. Lazima uikamate wakati imekata.

Kwa hiyo ikikata, acha swichi, katazame taa. Kwa wenye faiba, kifaa kinachopokea ule waya mwembamba kutoka nje huwa na taa iliyoandikwa PON na nyingine LOS. PON ikiwaka kijani na kutulia, mwanga kutoka kwa kampuni unafika. PON ikipepesa bila kutulia, au LOS ikiwaka nyekundu, mara nyingi mwanga haufiki au umefifia mno, na hapo hakuna mpangilio wowote wa ruta utakaokusaidia. Piga picha kwa simu na uandike saa.

Kabla ya kuita fundi, ufuate ule waya kwa macho kuanzia ukutani. Ndani yake mna uzi wa kioo, na ukikunjwa kwa kona kali mwanga unavuja. Sofa iliyosukumwa mpaka ukutani, mguu wa kabati, panya, au mtu aliyeufunga waya uliobaki kwa kamba ya plastiki ili sebule ipendeze: hao ndio watuhumiwa wa kawaida. Ulegeze, uuache ujizungushe kwa duara lisilo dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Kile kichwa cha kijani usikichomoe ukakifuta kwa kanga. Vumbi au alama ya kidole tu inatosha kupunguza mwanga. Wala usichungulie ndani yake. Mwanga ule hauonekani, lakini unaweza kudhuru jicho.

Taa zote zikiwa sawa na bado mambo yanakwama, swali linakuwa moja: kinachokata ni waifai au ni laini? Wengi hawalitenganishi, na hapo ndipo pesa zinapopotea. Mtu ananunua bando kubwa zaidi kumbe tatizo ni ukuta wa chumbani.

Jaribio lake halina gharama. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Enter. Fungua madirisha mawili ya namna hiyo. La kwanza andika ping -t 192.168.1.1, ambayo ni anwani ya ruta nyingi. Kama yako ni tofauti, imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake. La pili andika ping -t 8.8.8.8, anwani ya seva za Google zilizo nje ya nyumba yako. Kila mstari utakaotokea unaonyesha ujumbe mdogo ulichukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi. Yaache madirisha yakimbie, endelea na kazi zako, na intaneti ikikwama yatazame yote mawili.

Dirisha la ruta likiruka kutoka milisekunde 2 hadi 400, au likiandika "Request timed out", tatizo limo ndani ya nyumba, kati ya kompyuta na ruta. La ruta likitulia huku la Google likikatika, waifai haina kosa. Ni laini au kampuni. Yote mawili yakitulia na tovuti bado hazifunguki, shuku DNS, yaani seva inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uweke 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Ukitaka uhakika zaidi, rudia jaribio kompyuta ikiwa imeunganishwa na ruta kwa waya. Ctrl na C vikibonyezwa pamoja vinasimamisha jaribio na kukupa hesabu ya ujumbe uliopotea. Picha ya hesabu hiyo nayo iweke.

Tukianza na yaliyo ndani, umeme hushukiwa mara chache kuliko unavyostahili. Adapta ikichakaa, taa za ruta huendelea kuwaka vizuri, lakini watu wanne wakianza kutazama video kwa pamoja, umeme unapungua na ruta inajizima na kujiwasha yenyewe. Fungua ukurasa wa ruta utafute palipoandikwa "uptime". Kama pamesema dakika kumi, wewe hukuizima na umeme haukukatika, huenda umempata mkosaji. Nunua adapta yenye volti zilezile, mara nyingi 12, na ampea zilezile au zaidi. Ukiwa mahali umeme unapopepesa kila jioni, yupiesi ndogo ya ruta itakufaa kuliko kubadilisha kampuni.

Waifai ina maradhi yake. Masafa ya 2.4 GHz yanafika mbali lakini yamejaa. Kwenye ghorofa lenye familia ishirini, ruta zote zinapigania chaneli chache, na zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Programu ya bure ya simu itakuonyesha majirani wamekaa wapi. Hamia penye nafasi. Masafa ya 5 GHz yana kasi na utulivu, ila hayapendi kuta, na kuta nene za mawe ya matumbawe kama zile za Mji Mkongwe, Unguja, huyamaliza kabisa. Ruta basi isifichwe nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati. Iweke juu, katikati ya nyumba. Na wale wanaonunua kiongeza waifai kisha wakakichomeka kwenye chumba kile kisicho na mtandao wanakionea: kitaongeza nini wakati hakipokei kitu? Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo waifai bado ina nguvu. Kama nyumba ni kubwa, mimi ningevuta waya tu.

Usisahau pia simu zinazopandisha picha kimyakimya. Kijana anarudi kutoka harusini na video hamsini, simu inaanza kuzihifadhi mtandaoni, na mkutano wa mama chumba cha pili unakatika sauti. Hiyo si hitilafu. Kwenye laini ndogo, njia ya kupandisha ikijaa, kila kitu kinasubiri. Sitisha uhifadhi mpaka usiku.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu waangalie kwanza namba iitwayo RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika, kwenye ukurasa wa ruta. Karibu na -80 ni nzuri. Ikishuka kufikia -110 utasumbuka kila siku. Isogeze dirishani, upande mwingine wa nyumba, mbali na bati, huku ukitazama namba ikipanda. Kama 5G ni hafifu na ruta inarukaruka kati yake na 4G, ifunge kwenye 4G. Ikisuasua kuanzia saa mbili usiku tu, na namba haijashuka, ni mnara umejaa watu, na hilo huna dawa nalo.

Kuna siku pia kosa liko mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na watu wa Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko wakakaa na intaneti ya kusuasua. Dalili yake ni kwamba majirani wa kampuni tofauti wanalia pamoja. Siku kama hiyo usiguse kitu, na hasa usibonyeze kile kitufe cha reset kwenye kitundu kidogo nyuma ya ruta. Hicho hufuta hata mipangilio iliyowekwa na kampuni, na utabaki gizani mkongo ukishapona.

Ushahidi ukielekeza kwa kampuni, wapigie ukiwa na mambo matatu: saa ilipokata kila mara, picha ya taa, na matokeo ya jaribio la waya. Dai namba ya malalamiko na uiandike. Wakikuzungusha, Tanzania kuna TCRA, msimamizi wa mawasiliano, na Kenya kuna Mamlaka ya Mawasiliano, lakini huko utaulizwa kwanza kama ulilalamika kwa kampuni, ndiyo maana ya ile namba. Fundi wa faiba akija na kusema laini iko sawa, muombe achomeke kipimo chake cha mwanga akuonyeshe. Kifaa cha kawaida cha nyumbani hupokea vizuri kati ya dBm -8 na -27. Ukiona -26, mwambie asiondoke: laini iliyo ukingoni hivyo inapita kipimo asubuhi yeye akiwapo, na inaweza kuanguka jioni akishaondoka.